Dansi ya Kabati la Jikoni

Kwako dada,

Huku tu wazima, ila kabati la jikoni bado halina mlango. Mwalimu wa dansi alinifokea: "Acha kuiga mitindo ya watu, tunga yako!" Nikatunga kwa hasira: mkono unakinga uso, bega linavunja mlango wa kabati, magoti yanaficha tumbo. Ni mkanda wa baba, pigo kwa pigo, ule uliokukimbiza nyumbani.

Jana niliicheza ukumbini. Mwalimu akasema hajawahi kuona dansi kama hiyo. Baba, bila haya, akapiga makofi. Mama alikaa kando yake. Kila nilipotaka kuinua mkono, wake ulikuwa umeshakinga uso.

Tandika kitanda kikubwa. Tunakuja wawili.

Mdogo wako