Nyumba Haina Kosa

Clare, Ayalandi
9 Oktoba 2024

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila baridi. Magoti yako yanaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana, na barua ina adabu.

Mimi na Orla tumehamia kwa mama yake, Bibi Nuala, kwenye ngome ya wazee wao. Usicheke. Ni mnara wa mawe, ukuta wake mnene hata nikilala kwenye dirisha miguu haitokezi nje. Ngazi inapanda ikizunguka kuliani, ili adui anayepanda mkono wake wa upanga ugonge nguzo ya katikati. Juu ya mlango pana tundu la kummwagia maji ya moto asiyealikwa. Wazee wake Orla waliijenga kabla Mreno hajafika Maskati. Wakanyang'anywa, wakairudisha, na mpaka leo wamo.

Harusi yetu hukuja. Njoo basi angalau uione nyumba.

Mwanao,
Jaifar

Ansab, Maskati
28 Oktoba 2024

Mwanangu Jaifar,

Wa alaykum salaam. Magoti ni yale yale, sukari imetulia, alhamdulillahi. Mke wako hajambo?

Kwa hiyo umeacha nyumba yenye kiyoyozi ukaenda kuishi kwenye gofu. Na hilo tundu lao si ajabu. Ngome ya Nizwa wazee wetu walimwaga asali ya tende iliyochemka. Wakwe zako maji tu? Wabahili hao.

Kuja siji. Mimi ndiye niliyetakiwa kupeleka posa, nikakae na mama wa binti tujuane. Ukajipelekea mwenyewe. Nimsalimie vipi mtu nisiyemjua? Msalimie wewe, kwa mbali.

Ulipotaja ngazi niliikumbuka ya kwetu Unguja, tulivyokuwa tukiteleza kwenye mkono wake wa mbao mpaka mama atufokee. Basi, yameshapita.

Mamako,
Kheiria

Clare
16 Februari 2025

Mamangu,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na sukari haijapanda.

Huku mambo si mazuri. Paa la ngome limeoza na hatuna uwezo wa kulitengeneza. Imeuzwa, itakuwa hoteli. Mwisho wa Mei tunatoka.

Bibi Nuala hataki kufungasha hata kikombe. Anashinda ukumbini mbele ya meko, amevaa koti kama mgeni. Alizaliwa chumba cha juu pale pale. Jana Orla alishika ufagio, mama yake akampokonya. "Waache wakute vumbi," alisema.

Mama, wewe uliwahi kutoka kwenye nyumba namna hii. Nimwambie nini?

Mwanao,
Jaifar

Clare
3 Aprili 2025

Mamangu,

Idi njema. Hujanijibu, na simu hupokei. Shangazi Nasriya anasema u mzima. Kama nimekuudhi kwa kukuuliza habari za Unguja, niwie radhi.

Bibi Nuala yuko vile vile.

Mwanao,
Jaifar

Ansab, Maskati
27 Aprili 2025

Mwanangu Jaifar,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima. Hukuniudhi. Kila nikishika kalamu nnalia, nikaona bora ninyamaze.

Siku tuliyotoka Unguja, mwaka wa Mapinduzi, nilikuwa mdogo. Tuliambiwa tuchukue nguo tu, upesi. Mama akachukua ufagio. Akafagia sebule, akafagia ngazi, kisha akapita na chetezo akifukiza udi chumba hadi chumba, na watu nje wanamhimiza. Nikamuuliza, "Mama, unamfagilia nani?" Akanambia, "Nyumba haina kosa."

Nilimkasirikia, Jaifar. Mimi nilitaka wakute vumbi, kama mkweo. Nimekuwa nikimkasirikia mpaka amekufa. Lakini nikiikumbuka nyumba ile leo, naikumbuka safi, inanukia udi. Hilo ndilo alilotufungashia, na mimi sikujua.

Yule mama nnamjua kuliko nnavyomjua jirani yangu wa hapa Ansab. Usimwambie kitu. Mtu wa hali hiyo haambiwi, anasaidiwa.

Tiketi nimeshakata, tarehe kumi Mei. Orla anipokee yeye, nimuone. Chetezo na udi nnakuja navyo. Nyinyi tafuteni ufagio wa pili, na mwambie dada yangu Nuala asianze mpaka nifike.

Mamako,
Kheiria