Kome Hai Wabaki Majini

Jumatatu, 6 Juni 1994
Vyungu vinane tangu asubuhi. Nimevikwangua kwa gamba la kome, ukingo wake mwembamba kuliko kisu. Mkono umechoka, roho safi. Mchana kaja Kassim, mwenye duka Kyela mjini. Anataka magamba ya kome asage chakula cha kuku. Mbeya siku hizi kila mtu anafuga kuku wa kisasa. Atalipa kwa sabuni na khanga. Khanga! Nimefurahi.

Jumanne, 7 Juni
Ufukweni maji yamechafuka. Wanawake kumi wanachimbua kome walio hai kwa majembe. Wifi yangu Anyosisye yuko mbele. Magunia matano tayari. Nimewaambia waache.
"Wamejaa ziwa zima, wifi. Unaionea wivu khanga yangu?"
Nimekasirika. Wivu ninao pia, kidogo.

Alhamisi, 9 Juni
Bado tope. Gari la Kassim limeondoka na magunia, linarudi Jumatatu. Nimepapasa mchanga kwa miguu. Tangu niolewe hapa, hukuweza kupiga hatua bila kukanyaga kome. Leo hatua ishirini, hakuna hata mmoja. Nimeogopa. Mama mkwe, aliyenifundisha kufinyanga, kauliza tu: "Walio hai wakiisha, magamba mtayaokota wapi?"

Jumamosi, 11 Juni
Nyuma ya matete! Upepo wa mwera hutupa huko magamba ya kome waliokufa, kila mwaka. Meupe, makavu, rundo lanifika magotini. Nimejaza kapu. Kesho nampelekea Kassim. Wifi anasema nitachekwa.

Jumapili, 12 Juni
Kyela. Harufu imenipokea kabla sijafika dukani. Kome wameozea ndani ya magunia. Inzi wingu zima, wateja wamekimbia. Kassim kajifunga kitambaa puani. Nikaweka kapu mezani. Akanusa gamba, akanusa tena.
"Halinuki!"
"Limepigwa jua mwaka mzima."
"Mama, niletee haya haya! Wale wa majini sitaki hata kuwaona!"
Nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, kitambaa kikadondoka, akapiga chafya. Nimecheka njia nzima. Garini wameniona mwehu.

Jumatatu, 13 Juni
Nimewapeleka wanawake wote nyuma ya matete. Tumezoa magamba tukiimba. Wifi kajaza kuliko sote. Akanikumbatia, vumbi la chokaa usoni: "Ndaga fijo, wifi." Asante yake ya kwanza tangu niolewe. Mama mkwe kacheza mpaka kilemba kikamvuka. Majini hajaingia mtu.

Jumapili, 26 Juni
Maji yametakata, chini kunaonekana. Mama mkwe kanishika mkono, tukaingia hadi magotini. Akainama, akaibua kiganja cha mchanga. Kome wawili, wadogo kama punje za maharage. Tumewatazama wakifunga magamba yao. Akawarudisha taratibu. Kisha tumekaa jiweni, miguu ikakauka juani.