Rehema, Tiketi Usiikate Kwanza

Mwanangu mpendwa Rehema,

Marahaba. Najua shikamoo yako imetangulia hata kabla sijaisikia, maana miaka yote uliyokaa huko Japani hujawahi kuisahau, hata siku ile uliyonipigia ukiwa na homa na sauti imekauka.

Umesema unataka jibu kabla ya Jumapili ili ukate tiketi yangu. Jibu ninalo, ila kwenye simu halitoki. Kwenye simu wewe unacheka, mimi nacheka, mtandao unakatika, tunaandikiana pole, basi. Ndiyo maana leo nimekaa mezani kama zamani nilipokuwa nasahihisha madaftari, na ninaandika barua ya wazi, asome atakayesoma. Huenda yuko mama mwingine mwenye mtoto ng'ambo, naye amechoka kucheka kwenye simu.

Huku Iguguno upepo umeanza. Vumbi linaingia hadi kwenye sufuria yenye mfuniko, midomo inapasuka, na asubuhi wanawake wanakwenda kisimani wamejifunga mablanketi. Alizeti imeshapigwa na magunia yako ndani. Huu ndio wakati wetu wa kutembeleana, unakumbuka. Mtu akikuuliza mwezi wa tatu utamtembelea lini, unamwambia nikishavuna.

Mpango wa kuja kwako haukuanza mwaka huu. Aliuanzisha baba yako, amesimama mlangoni anafuta mikono yenye mafuta ya mashine yetu ya kukamua alizeti. Ulikuwa umetutumia picha ya chumba chenye vitanda viwili vidogo, chini yake ukaandika, "Hapa ni penu." Aliisoma mara tatu. Akasema, "Mama Rehema, tukishapiga alizeti tunakwenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akachukua atlasi yangu ya shuleni, ile isiyo na jalada, akapima kwa uzi kutoka Singida hadi Osaka kwako. Kisha akaunyoosha ule uzi ukutani, akautazama muda mrefu.

Alipanga safari kwa kalenda ya shamba kwa sababu ndiyo kalenda aliyoijua. Mtu wa huku haondoki Desemba akaiacha mvua inamnyeshea jirani. Anaondoka baada ya kuvuna, na baada ya kuvuna ni baridi. Kwa hiyo tukaenda mnadani, tukachambua mitumba asubuhi nzima, tukapata makoti mawili mazito. Lake lilikuwa jeusi lenye manyoya shingoni. Alilivaa palepale akazunguka nalo kwenye mbuzi na ng'ombe, na watu wakaanza kumwita balozi. Alifurahi, mzee yule, hujawahi kumwona hivyo.

Ulipotuona kwenye video tumevaa, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Baba, huku Agosti ni joto! Tena la kunata. Ni kama kuvaa nguo uliyoifua haijakauka." Baba yako akakukatalia. Lakini mimi ndiye wa kuona haya. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita. Nimechora ubaoni dunia ilivyoinama, kaskazini wakiwa na kiangazi sisi tukiwa na kipupwe, na watoto wamefaulu. Bado nikanunua koti. Yale ya ubaoni yalikuwa ya mtihani, lakini mwili wangu ulijua mwezi wa nane ni baridi, na ulidhani dunia nzima inajua hivyo.

Ilikuwa Aprili, mwaka juzi. Mwezi wa tano baba yako akaanguka pale kwenye mashine, mkono mmoja ukiwa bado umeshika mkanda. Kiharusi. Siku ya nne tulikuwa tumempoteza. Alizeti ya mwaka ule ilipigwa na majirani.

Kazini walikupa ruhusa ya siku tatu. Siku tatu zingekufikisha hapa tukiwa tumekwisha kurudisha viti vya kuazima. Sikukulaumu, na leo bado sikulaumu kwa hilo. Shangazi yako Mariamu alishika simu juu ya vichwa vya watu ili uone. Jeneza lilipoanza kushuka, picha yako ikaganda. Ukabaki kwenye kioo, macho yameangalia pembeni, na shangazi akawa anaita, "Rehema, unaona? Rehema?" huku watu wakimwonyesha kwa mkono anyamaze. Hatukujua uliona nini na hukuona nini. Hujawahi kuniambia, nami sijawahi kukuuliza.

Namkumbuka Rehema mwingine, wa miaka tisa, anayerudi shule na kwenda moja kwa moja kwenye mashine ya alizeti kabla hajavua sare. Ulikuwa unalalia gunia la mashudu na kusikiliza. Siku moja ukamwambia baba yako, "Baba, inakohoa." Akakucheka. Kesho yake ile mashine ikafa, na fundi aliyetoka mjini akasema ugonjwa wake ulianza siku mbili zilizopita. Kuanzia hapo baba yako hakuwasha bila kukuuliza, "Daktari, leo iko salama?" Ulipopata nafasi ya kwenda kusomea mitambo, aliwatangazia hata madereva wa malori waliosimama kununua mafuta. Walikuwa hawamjui, wala hawakujua Osaka ni nini, lakini walimpa mkono.

Usidhani nimesahau nilichotaka kusema. Ninakizunguka kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka huanza na mzigo mwepesi.

Mwaka jana uliniita tena. "Mama, njoo Agosti upumzike." Nikasema pasi yangu bado. Ilikuwa imetoka, iko kabatini chini ya vitenge. Sasa umejua. Mwaka huu nikaona nisikudanganye mara mbili, nikapanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme hadi Dar es Salaam, kupeleka makaratasi ya visa. Huko nikaonja hilo joto lako. Nilijipangusa, nikawa nimelowa tena kabla sijakunja leso. Sisi joto letu la Oktoba linakuchoma, unakaa kivulini, linakuacha. Lile linaingia nawe kivulini. Binti mmoja wa ofisini, mpole sana, akaniuliza nakwenda kufanya nini Japani. Nikasema kupumzika. Akaniangalia, shanga za jasho mpaka kidevuni, akasema, "Bibi, kunywa maji kwanza."

Ukanitumia ratiba. Nimeibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Siku ya kwanza kulala. Siku ya pili bustani, lakini kabla ya saa tatu asubuhi kwa ajili ya jua. Siku ya tatu bahari. Siku ya nne treni ya kasi, kisha hoteli yenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Nikacheka peke yangu: nitoke kwenye baridi yangu siku mbili angani, nifike kwenye joto, halafu nitumbukizwe kwenye maji ya moto? Chini ukaandika kwa herufi kubwa: MWAVULI. MAJI. USITOKE MCHANA. Nikajua umeandika kwa upendo. Umenipangia kama mtu anayempangia mtoto mgonjwa. Ukaniagiza mlenda mkavu na asali ya Itigi, na vyote nimevitafuta, viko tayari.

Sasa nikuambie kilichoko nyuma ya shamba la mtama, maana kwenye video huwa nageuza simu upande wa pili.

Kaburi la baba yako bado ni udongo. Unajua desturi ya ukoo wetu: saruji haiwekwi juu ya marehemu mpaka watoto wake wote wamefika na kila mmoja ameweka udongo kwa mkono wake. Na mtoto tuliyejaliwa ni wewe peke yako. Mvua zimepita mara mbili. Kila zikipita tuta linatitia, linapasuka upande wa miguuni, mbuzi wanapanda. Kila zikipita nachukua jembe na karai, nasomba udongo, napandisha. Mwaka wa kwanza nilifanya asubuhi moja. Mwaka huu imenichukua siku nne, nikipumzika kila karai la pili. Baba yako mdogo Samweli akija kunisaidia huniuliza, "Shemeji, mtoto anakuja lini?" Mwaka jana nilimjibu, "Mwezi wa nane." Mwaka huu nikamjibu vilevile. Alichota tu udongo mwingine.

Mwezi wa nane. Juzi ndipo nikakuuliza, eti kwa nini kila mara ni Agosti, mwezi ambao wewe mwenyewe unasema hata paka wa huko hawatoki nje. Ukanijibu haraka haraka, kama ulivyokuwa unajibu maswali darasani: ndiyo wiki pekee kiwanda kinafungwa, Mama. Nikauliza kinafungwa kwa nini. Ukasema, "Ni siku za wazee wao. Watu wote wanarudi kwao vijijini. Wanaosha makaburi, wanaweka maua, wanakaa na ndugu. Treni zinajaa, huwezi kupata hata pa kusimama."

Ukaishia hapo. Nikasubiri mtandao ukatike kama kawaida yake, siku hiyo haukukatika. Nilikuwa nasikia feni yako inavyozunguka.

Rehema, nchi nzima inapewa likizo iende kwenye makaburi ya wazazi wake, na likizo hiyohiyo wewe unanipangia bustani na bahari. Nilipokata simu nilikaa na hasira mpaka jioni. Nilitaka nikupigie nikuambie maneno ambayo mama akishayasema hayarudi. Nikala ugali, nikaosha vyombo, nikakuta hasira imeondoka na pale ilipokuwa kuna uchovu tu. Nadhani nakuelewa. Ukiwa huko, baba yako yuko Iguguno anafuta mikono kwa kitambaa, ila tu hapokei simu. Ukifika hapa utakuta mashine imefunikwa turubai. Unaogopa. Hata mimi ningeogopa.

Lakini na mimi nina la kwangu, na hili sijamwambia hata shangazi yako. Samweli alikwisha kuniambia tangu mwaka jana kwamba wazee wamekubali. Wamesema mtoto akiwa mbali sana, mama anaweza kuweka udongo kwa niaba yake, ukoo hautamwuliza mtu. Ningeweza kulijenga na kupumzisha mgongo wangu. Sikutaka. Nilipokea majibu yao nikayafungia moyoni, nikaendelea kusomba udongo na kuwaambia watu ni desturi. Niliogopa kwamba siku nitakapolijenga, utakuwa huna tena kinachokuita huku. Nimemwacha mwenzangu, niliyeishi naye miaka thelathini na mitatu, akanyeshewa na kukanyagwa na mbuzi, ili wewe uwe na sababu ya kurudi. Hilo nimelifanya mimi, mtu mzima na akili zangu. Wewe unanialika ili usije, na mimi siwaruhusu mafundi ili uje. Tumefanana, mwanangu.

Kwa hiyo tiketi yangu usiikate. Wala si kwa sababu ya joto, joto ningelivumilia, ningekaa na feni yako tukala mlenda. Siji kupumzika mahali wakati ninajua nimeacha nini nyuma ya nyumba.

Hiyo wiki yao moja, kama moyo wako utaweza, kata tiketi yako uje. Samweli na mafundi wamesema wako tayari. Kama hutaweza, sitakufukuza wala sitakufuta jina. Lakini niambie kwa kinywa chako, "Mama, siji." Usiniambie kazi, usiniambie Agosti ijayo. Useme hivyo tu, mara moja, nisikie. Kesho yake nitaweka udongo wako pamoja na wangu, mafundi waanze, na nitaendelea kukupenda kama nilivyokupenda jana.

Kuja kwako nitakuweza. Kutokuja kwako nako nitakuweza. Kusubiri ndiko ambako sikuwezi tena, Rehema, mikono imekwisha.

Jumapili nikitoka ibadani nitakaa barazani na simu. Piga.

Ni mimi,
Mama yako