Nilimchungulia Wifi Yangu Kwenye Kompyuta ya Duka la Dawa

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiwa kazini, mlango nimeurudishia na kila anayepita koridoni nashtuka, kwa hiyo nivumilie nikichanganya mambo, nakuomba tu unisaidie kabla ya Jumamosi maana Jumamosi mama anatuma watu kwenda kuvunja uchumba wa mdogo wangu, na chanzo ni mimi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi ofisi kuu ya kampuni ya maduka ya dawa, tuna matawi saba, na kazi yangu ni kutunza taarifa za wateja, yaani kila anayenunua dawa kwetu namba yake ya simu inaingia kwenye mfumo, tunajua kanunua nini, siku gani, saa ngapi, tawi lipi, na kama aliletewa nyumbani basi mpaka rangi ya geti lake tunayo, watu zaidi ya elfu sitini, na mimi ndiye ninayeandaa zile meseji za kuwakumbusha kwamba dawa yako inakaribia kuisha, karibu tena. Bosi wetu hutamba mbele ya wageni kwamba sisi tunawajua wateja wetu kuliko mama zao, na sisi tunacheka.

Sasa mdogo wangu wa kiume amechumbia binti aliyempata huku huku kwetu, mwaka juzi alikuwa muuzaji wa kaunta tawi la sokoni kabla hajaenda kufundisha chekechea, binti mtaratibu, hana neno na mtu, mimi ananiita dada na wala sikuwa na ubaya naye. Siku hiyo naandaa meseji nikasema hebu nimwone wifi yangu ananunua nini, naapa ulikuwa mchezo tu, nikaandika namba yake, Shangazi, ukurasa ukafunguka. Vidonge vya kifafa! Si mara moja, mara tisa kwa miezi minne, pamoja na dawa nyingine chungu nzima, za watoto, za wazee wenye miguu mibovu, nikajua hizo anawanunulia ndugu zake, na asubuhi moja ya siku ya shule kanunua saa nne na dakika kumi tawi la sokoni, saa nne na robo kanunua tena tawi la stendi, upande wa pili wa mji, nikasema maskini kumbe hali ni mbaya kiasi hicho, anazunguka kukusanya dawa kwa kujificha.

Nikaipiga picha skrini nikamtumia dada yetu mkubwa, nikamwambia hii ufe nayo. Hakufa nayo. Alimwonyesha mama, mama akalia, binamu yetu mmoja akairusha kwenye grupu la familia, watu arobaini na wawili, nikafuta ya kwangu kwenye simu lakini imeshatoka nje, binti anapigiwa simu na watu asiowajua wanamuuliza huwa anaanguka mara ngapi kwa wiki. Mdogo wangu alimuuliza, akasema hajawahi kuugua ugonjwa huo hata siku moja, mama naye anasema kwani ulitegemea akubali? Mdogo wangu ananipigia analia, "Dada, nani mwenye roho mbaya hivi?" na mimi namjibu hata sijui.

Hapa kazini hawawezi kunijua, maana wote tunaingia kwa neno la siri moja, la mfamasia wetu mkuu, limebandikwa chini ya kibodi kila ofisi, na huko kaunta ndiyo usiseme, mashine haikubali kufunga mauzo bila namba ya simu, kwa hiyo mteja akigoma kutaja yake wauzaji wanamwandikia mojawapo ya zile namba mbili tatu walizobandika pembeni tangu zamani, matawi yote, ili foleni isogee, sasa kwa uzembe wote huo kwa nini msalaba niubebe mimi peke yangu? Na balaa lingine, Shangazi, siwezi kuacha. Nimeshamtafuta mwalimu wa mwanangu, jirani wa juu, fundi bomba, nafungua, nafunga, nafungua tena, siku hizi namsalimia mtu huku najua ana bawasiri. Mikono hainitulii. Niambie, niseme nifukuzwe kazi, au ninyamaze uchumba uvunjike, maana labda ni afadhali mdogo wangu ajue mapema kuliko kuja kujua akiwa ndani ya ndoa?

Ni mimi, Asiyetulia.

*

Asiyetulia, kwanza vuta pumzi, halafu rudia kusoma barua yako mwenyewe, maana umeniandikia jibu bila kujua.

Saa nne na dakika kumi yuko sokoni, saa nne na robo yuko stendi, upande wa pili wa mji. Huyo binti ana mabawa? Asubuhi hiyo, mwalimu wa chekechea, aliwaachia nani watoto wa watu? Umesema alikuwa muuzaji wenu wa kaunta. Umesema wauzaji wana namba walizobandika pembeni tangu zamani, za kuwaandikia wateja wanaogoma. Mwanangu, namba hizo ni za nani? Mimi sipo kwenu, siwezi kuapa. Ila ningekuwa wewe ningeona aibu kwamba wazo hilo limenijia mimi ninayekaa mbali na hiyo kaunta, wewe uliyeajiriwa kutunza taarifa hizo halijakujia.

Na fikiria ni nani anayegoma kutaja namba yake. Anayenunua dawa ya mafua hagomi, ataitaja hata kwa kuimba. Anayegoma ni yule mwenye ugonjwa ambao hataki ujulikane, mtu aliyejibana, akaangalia nyuma, akasema nipe tu dawa yangu niondoke. Siri za watu wa namna hiyo ndizo mlizozirundika miezi yote kwenye namba ya mtu mmoja, kisha ukaja wewe ukalipiga picha lile rundo ukasema huyu hapa mgonjwa. Halafu bosi anatamba kwamba anawajua wateja kuliko mama zao! Hamumjui hata mmoja. Siku mwizi wa kweli atakapoingia kwa hilo neno la siri la chini ya kibodi, ataondoka na watu elfu sitini na mageti yao, na kampuni yenu itabaki na mabango tu.

Lakini usije ukashangilia. Najua unachofikiria sasa hivi, unataka kukimbilia kompyuta uhakikishe. Koma! Usiguse. Hata kama kila kidonge kile ni chake, hakikuwa chako kukitangaza. Watu wenye kifafa wanaolewa, wanazaa, wanafundisha watoto wetu, na wanasema wenyewe, kwa mtu wanayemtaka, siku wanayoitaka. Hilo neno lako la "afadhali ajue mapema" lina sura ya huruma, ila ndani yake ni woga wako wa kufukuzwa kazi. Nakuonea huruma, kweli nakuonea, najua kuna watoto wawili wanaokutegemea. Ila huwezi kuilinda nafasi yako kwa jina la mtoto wa mwenzio.

Leo hii, kabla hujatoka ofisini, nenda kwa bosi. Mwambie ni wewe uliyefungua, ni wewe uliyepiga picha. Ukikaa kimya, jina litakalotokea kwenye mfumo ni la mfamasia, na mtu huyo atafukuzwa kwa kosa lako huku wewe unamwandikia barua ya kumpa pole. Mwambie bosi kila mtu apewe neno lake la siri, mteja akisema sitaki kutaja namba auziwe dawa yake bila namba, na wewe akupokonye ruhusa ya kufungua kurasa za wateja, maana mwenyewe umekiri mikono haitulii. Akikufukuza, amefukuza kwa haki. Akikubakiza, mshukuru na ufanye kazi.

Ukitoka hapo, kwa mama. Usimwandikie, nenda. Mwambie mbele ya dada yako na mdogo wako kwamba picha ni yako, na kwamba ilivyo ile picha haithibitishi chochote kuhusu mtu yeyote. Mdogo wako atakasirika. Mwache akasirike, alikupigia simu analia, akakuuliza swali, ukamdanganya. Wajumbe wa Jumamosi wasiondoke. Kisha kwenye hilo grupu andika mstari mmoja tu, kwamba umekosea, umemsingizia mtu, wafute. Usieleze habari za namba wala vidonge, ukianza kueleza watajadili upya.

Halafu nenda kwa binti, peke yako, usimtume mtu. Usimuulize kama anaumwa. Usimwambie kwamba huenda haumwi. Mwambie nilifungua ukurasa wako bila ruhusa yako, nikautangaza, nimekuja kukuomba radhi. Akitaka kukusema, kaa umsikilize mpaka amalize. Akisema anakwenda kukushtaki, mpe jina lako kamili na mahali unapofanya kazi, asipate tabu kukutafuta. Na akikufungia mlango, usigonge tena.