Waya Zilizovaa Kambambili

Papa,

Habari ya kwako siwezi kuuliza, basi nitakupa ya kwetu. Sijatulia. Tangu asubuhi mizinga inasikika upande wa Masisi, inanyamaza, inaanza tena. Mama amefunga furushi lake na kuliweka karibu ya mulango. Mimi nafagia mahali nilishafagia. Lakini kuna jambo nataka ulijue mbele hatujajua kama tunabaki ao tunakimbia, kwa sababu ni lako.

Ni juu ya waya.

Unakumbuka namna tulivyokucheka? Ulikata kambambili za zamani, zile ndala za mpira, ukapanga vipande kwenye sakafu ya sima toka redio mpaka kwa mabafle yako mawili, zile spika kubwa, waya zikapita juu yake bila kugusa chini. Mume wangu akakuambia, wewe baba mukwe wake, "Beau-père, sisi tunalala kwa mukeka, waya zinavaa viatu!" Wewe hata haukucheka. "Jiwe la volkano chini ya sima hii linakunywa mvua yote ya Goma. Litashindwa kunywa sauti?" Na Mama kule jikoni, "Lingekunywa na yako kidogo, tupumzike."

Ulipotutoka, siku za kilio watu walitoa vyote sebuleni, kama kawaida, ili wanaokuja wapate pa kukaa na kulala. Meza, redio, mabafle, vyote vilienda kwa jirani. Kilio kikaisha, wajomba wakavirudisha mbio mbio. Vipande vyako mutu alivitupa na takataka. Waya zikalala kwa sima.

Nikaweka kasete ile ya kwaya ya kwetu Kalengera, muliyoimba zamani, mbele ya vita kututoa kule. Baraka wangu sasa anatambaa, nilitaka ajue sauti ya babu yake. Papa, haukuwa mule. Soprano walikuwepo, tena wanapiga kelele. Lakini besi, wewe, ulikuwa kama mutu ametoka inje. Nikasema, kweli, chini imemukunywa. Nililia kuliko siku ya kaburi. Kasete hiyo haina ndugu yake. Wenzako wa kwaya wametawanyika, wengine wako kambini, wengine hatujui. Na mimi nilikuwa nimeanza kusahau sauti yako, ndiyo iliyonitia woga.

Leo mizinga iliponyamaza kidogo na umeme ukarudi, nilivua kambambili zangu, nikazikata. Mama akashika kichwa. "We Furaha! Tukikimbia, utakimbia na miguu gani?"

Nikainua waya zote, vile ulivyokuwa unafanya, nikawasha.

Bado. Haukuwamo.

Nikakaa chini na hasira. Hasira na wewe, Papa, nisamehe. Lakini waya ilikuwa juu, ilionekana vizuri, na jicho langu likaifuata tu mpaka nyuma ya bafle la dirishani. Yenye mstari mwekundu ilikuwa imeingia penye tundu jeusi. Kwa bafle hilo moja tu. Hapo nikakusikia, kama zamani nikikushikia tochi: "Nyekundu kwa nyekundu, Furaha. Bafle moja likisukuma na lingine likivuta, yanapingana. Na yakipingana, besi ndiyo inakufa kwanza."

Wajomba, na haraka yao.

Nikageuza.

Papa! Ulikuja. Pale kwenye kiitikio, wengine wameshafika na wewe ndio unaingia, polepole, kama mutu wa kubeba muzigo. Mama akaacha maharage motoni. Akasimama na mwiko mukononi, hata machozi hakufuta. "Anachelewa bado," akasema.

Kisha nikajaribu, maana ningebaki na lile swali, ni kuinua ao ni kugeuza. Nikalaza waya chini, nikasikiliza. Nikainua. Nikalaza tena. Ni sawasawa, muzee wangu, usikasirike. Volkano haikunywa kitu. Nafikiri ni matope ya njia ile ya kutoka Kalengera, ulipoona godoro letu na nguo zetu vimelala ndani, yaliyokufundisha usiache tena kitu chako chini. Mimi nimeziacha juu. Tumezoea kuziona hivyo.

Baraka alitambaa mpaka kwa bafle, akaweka mukono kwenye kitambaa chake. Kila ulipoingia, kitambaa kilitetemeka, naye akanigeukia na macho makubwa, kama kusema, kuna mutu humu.

Sasa mizinga imeanza tena. Tukikimbia, mabafle yatabaki, ni mazito, na mugongo wangu ni wa mutoto. Kasete nitaifunga tumboni ndani ya kitenge. Kambambili nitapata zingine.

Pumzika, Papa. Popote tutakapofika, hata kama redio ni ya mutu mwingine, nitachungulia nyuma kwanza, nyekundu kwa nyekundu, ndipo nimuite Baraka aje asalimie babu yake. Na siku tukirudi Kalengera, kwaya itahitaji besi. Nitamufundisha Baraka nyimbo zako zote. Ila huko kuchelewa kwako, nitamuachia abaki nako.

Mutoto wako,
Furaha