Tungoje Mvua ya Kwanza

Kamina, 8 Agosti 1954

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kamina. Mgongo wako je? Na ile mashua ya wauza samaki, umeimaliza au bado unagombana na wenyewe? Mimi ni mzima, kazi ya karakana ya mabehewa inaendelea. Mgonjwa ni mke wangu. Kifua cha Kabedi hakiponi, na daktari ameacha hata kunitajia dawa. Amesema tu asilowe na asipigwe na baridi. Kabedi mwenyewe ana neno moja: "Unipeleke kwa mama, Constant. Miye nataka anione na macho."

Kwao ni ndani huko, upande wa Kaniama, reli haifiki, na juu ya lori la wazi hatafika. Kwa hiyo nimemjengea nyumba. Usicheke. Ni nyumba ndogo ya mbao juu ya ekseli ya lori bovu, ina kitanda kimoja na dirisha moja, na Xavier, mwenye lori la mahindi, amekubali kuikokota. Kuta zimesimama, paa limepinda vizuri, ila nikiingia na kufunga mlango naona mwanga kwenye maungio. Mwanga ukipita, maji yatapita. Wewe umeziba mashua maisha yako yote. Nifanye nini?

Mtoto wako,
Constant


Bukama, 17 Agosti 1954

Mwanangu Constant,

Barua yako imenikuta salama, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Mashua imekwisha na wenyewe wamenyamaza. Habari ya Kabedi imeniuma. Kila nilipokuja kwenu aliniwekea chakula, kisha akauliza kutoka nje ya mlango, kwa heshima yote ya ukwe, kama chumvi imetosha. Mwambie namwombea.

Sasa sikia. Ninyi watu wa reli mnapigilia misumari kama mnapigana na ubao, halafu mnashangaa umepasuka. Usipake lami juu ya ufa mtupu, itabanduka. Sokota pamba, iloweke kwenye mafuta ya kitani, uisukumize ndani ya ungio kwa patasi butu na nyundo ya mbao, polepole, mpaka usikie ubao umebadili sauti. Ndipo upake lami. Paa usiliache na mbao peke yake, livike turubai zima lisilo na mshono, ulivute wakati limelowa, ulipake rangi nzito, ikauke, upake tena.

Usiache hata tundu la sindano.

Baba yako,
Kitwa


Kamina, 9 Septemba 1954

Baba mpendwa,

Habari za Bukama? Sisi tupo, wazima nusu nusu. Nyumba imekwisha. Majirani wanakuja kuitazama, na Dorothée wa mlango wa pili ameniuliza kama naanzisha reli yangu mwenyewe. Nimeimwagia maji ndoo kwa ndoo, ndani hakuna tone. Kabedi alikuwa kwenye kiti mlangoni akinitazama, akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi sasa kina damu.

Xavier anaondoka wiki ya pili kutoka sasa. Kabedi amekwisha kufunga nguo zake, na mafuta ya mama yake ameyaweka juu kabisa ili asiyasahau. Lakini sitaki kutoka bila neno lako. Nijibu upesi.

Mtoto wako,
Constant


Bukama, 13 Septemba 1954

Mwanangu Constant,

Nakusalimu, na pole kwa kuuguza. Nimefikiri sana kabla ya kushika kalamu, na neno langu ni hili: ngoja.

Maji ya ndoo huanguka yakaenda zake. Mvua hukaa juu ya paa na kutafuta njia. Unaijua desturi yetu tangu ukiwa mdogo. Mashua mpya tunaijaza mawe, tunailaza majini, na hakuna anayekanyaga ndani mpaka mbao zimekunywa na tumeona inavuja wapi. Hata tajiri mwenye haraka hungoja. Hiyo nyumba yako ni mbao zisizoonja mvua. Ikivuja porini utamfunika mgonjwa na nini? Daktari mwenyewe amesema asilowe.

Mvua moja tu, mwanangu. Mawingu yameanza kukusanyika huku.

Baba yako,
Kitwa


Kamina, 6 Oktoba 1954

Baba mpendwa,

Amani kwako. Hapa hali si nzuri, lakini Kabedi bado anakula uji.

Ulisema kweli. Mvua ya kwanza imenyesha na nyumba imevuja, tena mahali pa kichwa kabisa. Jua la Agosti lilikuwa limezikausha mbao zikajikunja, pamba ikalegea. Nilimwonyesha Kabedi. Akalikinga tone kwa kiganja, akasema, "Njo haya tu? Haya mayi kidogo njo yananikataza kwa mama?" Nikamwambia tunangoja kwa ajili yake. Akajipangusa kiganja kwenye nguo, akarudi kitandani.

Nimebandua turubai lote, naziba upya, kisha nitaweka turubai la pili juu. Rangi haikauki kwa hewa hii. Xavier alikwenda Septemba bila sisi, sasa amerudi na anasema atatuchukua mwisho wa mwezi.

Mtoto wako,
Constant


Bukama, 3 Novemba 1954

Mwanangu Constant,

Habari za safari? Sijaona barua yako, nadhani mmekwisha kufika kwao Kabedi na huko hakuna posta. Huku gatini nimewaambia watu wote kwamba mwanangu amejenga mashua inayotembea nchi kavu, na haiingizi maji. Wananiona mwongo. Nimefurahi kwamba ulinisikiliza.

Mpe heshima zangu Mwadi, mama yake Kabedi. Kabedi mwenyewe nimemtumia samaki wakavu kwa treni, na kama mmeondoka, Dorothée awale. Lakini niandikie, hata mstari mmoja. Kimya hiki sikipendi.

Baba yako,
Kitwa


Kamina, 21 Novemba 1954

Baba,

Hatukuondoka. Rangi ilipokauka, mvua ilikuwa imeshika kweli kweli, na barabara ikafungwa kwa vizuizi. Lori haliruhusiwi kupita mpaka udongo ukauke, na udongo haukukauka.

Kabedi akaomba nimlaze mle ndani hivyo hivyo, nyuma ya nyumba, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Alisema akifumba macho anasikia inatembea. Kila asubuhi aliniuliza tumefika wapi, nami nikamtajia kijiji kimoja cha njiani, kesho yake kinachofuata. Nilikuwa navitaja polepole, ili visiishe. Alikufa kabla sijamtajia kwao. Mvua ilikuwa inanyesha, na ndani hamkuwa na tone.

Tulimzika kesho yake. Siku iliyofuata Mwadi akaingia uani. Alisikia mwanawe anazidiwa, akaja kwa miguu, kwenye mvua ile ile, mzee yule, jani la mgomba kichwani. Nguo zilikuwa zinachuruzika.

Unajua kwa heshima ya ukwe mimi na yeye hatujawahi kutazamana tangu nioe. Tukikutana njiani mmoja wetu huingia majanini. Basi nilisimama nyuma ya ukuta, Dorothée akamweleza habari na kumwingiza kwenye nyumba ya magurudumu. Nilimsikia akipapasa kuta, kitanda, dari. Alikaa sana. Kisha akatoka, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akaniangalia machoni.

"Mukwe," akasema, "iko mukavu sana. Ungeniletea ye hata na mayi. Miye njo mama yake. Ningemukausha."

Aliyasema bila hasira. Afadhali angenipiga. Baba, wewe ungemjibu nini?

Constant