Mashine Aliyoiona Waziri

Mwenzangu uko wapi? Shika simu! Nimetoka bungeni sasa hivi, nimejifungia chooni.

Nimemuuliza Waziri wa Afya swali moja tu: ile mashine ya eksirei ya hospitali ya jimboni kwangu, tuliyoipitishia fedha mwaka jana, iko wapi? Unajua alivyonijibu? "Mheshimiwa aache maswali ya sokoni. Mashine imeshasimikwa, inafanya kazi, nimeiona kwa macho yangu."

Maswali ya sokoni! Kisa mama yangu aliuza nyanya! Ukumbi mzima ukacheka, hata wa chama changu wakagonga meza. Spika akaniambia nikae. Nikakaa. Mimi huyu, nikakaa!

Lakini kasema "kwa macho yangu". Nimewauliza waandishi wa kumbukumbu za Bunge, wameandika neno kwa neno. Halifutiki.

Sasa si unamjua dada yangu, muuguzi wa hospitali hiyohiyo? Nimempigia. Mashine bado imo ndani ya sanduku la mbao, misumari haijang'olewa tangu siku iliposhushwa. Wauguzi wanaweka chupa ya chai juu yake!

Kesho asubuhi waziri anakuja mbele ya kamati yetu ya hesabu za serikali, na huko anakula kiapo kwanza. Dada atakaa kiti cha mbele na picha za hilo sanduku alizopiga. Mama naye nimemwambia avae vizuri, aje.

Sipigi kelele mimi. Nitatabasamu, nimuulize swali la sokoni: "Mheshimiwa Waziri, hiyo mashine uliyoiona ina rangi gani?"